Nyumba moja, bei tatu: mmeuliza kuhusu mthamini

Toleo lililopita niliandika mistari miwili tu kwamba kabla hujauza nyumba mwite mthamini, yaani mtaalamu wa kukadiria thamani ya mali, basi tangu siku hiyo simu ya ofisini haijapumzika, wengine mmeuliza vizuri, wengine mmegomba kabisa kwamba natafutia watu ulaji. Nimechagua maswali saba, nimeyafupisha, majina nimeyaacha pembeni kama mlivyoomba. Kwa wasionijua, mi sio mthamini, ila kabla sijaanza kuandika nilivuta futi kwa mthamini mmoja hapa hapa Mwanza miaka kadhaa, yeye anashika karatasi mi nashika ncha ya futi kule kwenye kona, kwahiyo kuna nyumba za jiji hili nazijua kwa sentimita.

SWALI: Habari za kazi kaka. Nina nyumba Buhongwa, vyumba vitatu, sebule, fensi na geti, hati ninayo. Nataka kuuza nihamie Geita. Dalali wa kwanza kasema milioni 120, wa pili kasema 85, fundi aliyenijengea anasema kwa hela ilivyokula nisiuze chini ya 100. Sasa kuna haja gani nimlipe mtu aje kuniambia bei wakati bei ni mimi na mnunuzi tunakubaliana?

JIBU: Hapo mwisho uko sahihi, bei ni nyie wawili. Ila angalia hao watu watatu uliowauliza, kila mmoja kakujibu swali lake, sio lako. Wa 120 anataka umpe kazi, akishaipata wiki ya tatu ataanza "bosi soko gumu, tushuke kidogo", na utashuka wee mpaka magoti yaume. Wa 85 inawezekana tayari ana mnunuzi mfukoni na anajua huyo mnunuzi ana ngapi. Fundi wako yeye anahesabu gharama, saruji, nondo, mbao, na pengine na ile mifuko iliyopotea saiti, sasa mnunuzi inamhusu nini kwamba bati ulinunua mara mbili kwa sababu za kwanza ziliibiwa?

Mthamini swali lake la kwanza akifika, hata kabla hajakaa, ni "uthamini huu kwa ajili ya nini?" Watu wanaona kama anapoteza muda lakini hapo ndo penyewe. Ukimwambia ni kuuza anatafuta nyumba za aina yako zilizouzwa kweli kweli huko Buhongwa karibuni, nasema zilizouzwa, sio zilizobandikwa mtandaoni na bei ya ndoto, halafu anaanza kujumlisha na kutoa, yako ina hati ile haikuwa nayo, ile iko mita hamsini toka lami yako gari linaingia kwa kuchechemea mvua ikinyesha, kiwanja chako kikubwa lakini upande mmoja jiwe. Kisha anapima njia nyingine kujihakikishia, kwamba leo kujenga hivyo hivyo ingekula ngapi, toa uchakavu, ongeza ardhi. Kama ingekuwa ya wapangaji angeangalia na kodi inayoingia.

Kuna la pili ambalo madalali hawakukwambia. Una hati, kwahiyo kuhamisha umiliki lazima upite ofisi ya ardhi na TRA, na huko uthamini utaukuta tu, tena unaotakiwa kuidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali. Faida uliyopata kwenye kuuza inakatwa kodi asilimia 10 kama wewe ni mkazi wa Tanzania, ila kama ni nyumba uliyokaa mwenyewe miaka 3 au zaidi na faida haizidi milioni 15 unasamehewa. Na ushuru wa stempu upo, asilimia 1. Wale wanaowashauri muandike bei ndogo kwenye mkataba ili kodi iwe ndogo, huo ujanja unaishia mezani, ripoti inasema 95 mkataba unasema 40, hapo unaanza kujieleza. Badala yake tafuta risiti za ujenzi, hata zile zilizofifia, kwa sababu gharama uliyoithibitisha ndo inapunguza faida inayokatwa kodi.

Na usinione najifanya mjuaji, mi mwenyewe niliuza kiwanja Buswelu kwa bei ya dalali, nikasherehekea kwa sato wa kukaanga, miezi minne baadaye aliyenunua akakiuza karibu mara mbili. Na wakati huo kazi yangu ilikuwa kuvuta futi kwa mthamini! Yule mzee nilikuja kumwambia baadaye sana, alicheka mpaka akavua miwani.

SWALI: Mwanangu habari. Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa hapa mwaloni Kirumba, nimeomba mkopo milioni 40 nikaweka nyumba. Benki wamemleta mthamini wao, hela nimelipa mimi, ripoti imetoka ina namba mbili, milioni 70 na milioni 49. Afisa mikopo anashika ile ya 49 tu na anasema nitapata chini ya 40. Naona kama wameshaanza kuigawana nyumba yangu.

JIBU: Shikamoo mama. Hapana, bado hawajaigawana, hizo namba mbili ziko kwenye karibu kila ripoti ya mkopo. Ya 70 ni thamani ya soko, yaani ukiuza bila haraka, tangazo linakaa, watu wanakuja kuangalia, mnabishana mnakubaliana. Ya 49 ni ya mauzo ya kulazimishwa, siku ile mnada unapigwa na muuzaji hana muda wa kusubiri mnunuzi mzuri. We unajua kabisa dagaa aliyekauka vizuri ana bei gani ukiwa na muda, na ana bei gani wingu limetanda na lori linaondoka saa kumi. Benki inakopesha kwa kuangalia siku mbaya, na hata kwenye hiyo 49 haikupi yote, inabakiza nafasi.

Lakini ile ya 70 usiidharau, omba nakala ya ripoti uiweke kabatini pamoja na barua ya mkopo, maana umeilipia. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 133, inamtaka anayeuza nyumba ya rehani atafute bei nzuri inayopatikana kwa wakati huo, na akiuza kwa bei iliyo chini ya bei ya soko ya nyumba za namna hiyo kwa asilimia 25 au zaidi, inachukuliwa kwamba kakiuka wajibu wake mpaka athibitishe vinginevyo. Piga hesabu, robo ya 70 ni 17 na nusu, kwahiyo mnada ukigonga 52 na nusu kushuka chini una pa kuanzia kusema. Sio kwamba ripoti peke yake inakuokoa, itabidi uonyeshe nyumba kama yako zilikuwa zinauzwaje wakati huo, ila asiye na karatasi yoyote anaenda kusema "nyumba yangu ilikuwa nzuri" na hiyo haisaidii.

Moja tena mama, kama hiyo ndo nyumba mnayoishi na baba, na yeye anatakiwa kuridhia kwa maandishi. Wapo wanaokwenda kusaini kimya kimya, mke hajui au mume hajui, halafu siku ya mnada ndo kesi inazaliwa. Msifike huko.

SWALI: Baba yetu alifariki akaacha nyumba Igoma. Tuko wanne. Kaka mkubwa anaishi humo, ameongeza vyumba viwili kwa hela yake na anataka atununue sisi watatu. Anasema nyumba ni milioni 50 kwahiyo atatoa kumi na mbili na nusu kila mmoja. Dada yetu anasema ni 100. Tumeshaacha kusalimiana.

JIBU: Poleni sana. Mirathi nyingi nilizoshika futi zilikuwa hivi hivi, unapima sebule huku wenye nyumba wamekaa makundi mawili, hawa kwenye kochi wale uani, na kila kundi linakuvuta pembeni kukunong'oneza. Mmoja anakuonyesha nyufa tu, mwingine anakuonyesha marumaru tu. Mara moja bibi mmoja alinishika mkono akaniambia "mjukuu wangu, pima polepole, wasije wakasema umeruka", na kweli nilirudia ule ukuta mara tatu wote wakiangalia.

Kwanza, mthamini aitwe na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, sio kaka peke yake wala dada peke yake, ili ripoti iwe ya wote. Kama msimamizi hamna, anzeni hapo, kikao cha ukoo halafu mahakama ya mwanzo. Akishateuliwa anatakiwa ndani ya miezi minne apeleke mahakamani orodha ya mali, na orodha isiyo na thamani ya kueleweka ndo inazaa hizi 50 na 100 zenu.

Pili, mwambieni mthamini wazi kwamba kuna nyongeza, atenganishe. Nawapa mfano, sio bei ya nyumba yenu. Tuseme nyumba yote ilivyo leo ni milioni 90, na vile vyumba viwili vinaiongezea 18. Aliyoacha baba ni 72, mkigawana sawa kila mmoja ana 18, kaka akitaka kuwanunua anatoa 54 kwa watatu nyie na anabaki na nyumba. Hapo kaka atasema "mimi vile vyumba vimenila 25!" Inawezekana kabisa, ila kilichotumika na kilichoongezeka ni vitu viwili, vyumba vya uani vinakula hela nyingi na kuongeza kidogo. Kama mnagawana kwa utaratibu wa Kiislamu mafungu hayatakuwa sawa, lakini namba ya kugawa ni ile ile.

Kitu mthamini hatawafanyia ni kesi ya wapangaji, kama kaka alikuwa anachukua kodi miaka yote hiyo na hela ya vyumba ilitoka huko huko. Hiyo ni ya msimamizi na mahakama. Ila kupunguza namba mbili kuwa moja, hapo atawasaidia, na kusalimiana anzeni leo tu, haihitaji ripoti.

SWALI: Kaka nyumba yangu iko mlimani Mabatini, jiwe kubwa ndo ukuta wa nyuma wa stoo. Nataka kukata bima ya moto. Mtu wa bima ananiuliza niandike thamani ngapi, nimewaza niandike milioni 40 maana huku mlimani ndo bei watu wanauziana.

JIBU: Swali zuri kuliko yote leo, na usiandike 40.

Hiyo 40 ni bei ya kuuza na ndani yake kuna ardhi, ardhi haiungui. Bima inataka kujua kuinyanyua upya nyumba iliyoteketea inakula ngapi, pamoja na kuondoa vifusi. Sasa we unaishi mlimani, unajua mwenyewe, mfuko wa saruji bei yake ni ya dukani mpaka chini barabarani, kuanzia pale unahesabu kichwa cha kijana anayepandisha, na mchanga hivyo hivyo ndoo kwa ndoo, na maji, na tofali. Mawe tu ndo bure. Kwahiyo nyumba ile ile, mlima unashusha bei ya kuuza kwa sababu gari halifiki, halafu mlima huo huo unapandisha gharama ya kujenga kwa sababu gari halifiki. Unaona kwa nini yule mzee wangu alikuwa anauliza kwanza "kwa ajili ya nini"?

Tuseme kuijenga upya ni 80 na wewe umeandika 40, jiko likashika moto ukapata hasara ya 20. Unadhani watakupa 20 maana haijafika 40. Kampuni nyingi zina kipengele kwamba ukikata bima nusu, na hasara wanalipa nusu, unapewa 10. Watu wanalia pale kaunta kwamba wametapeliwa kumbe hesabu iliharibika siku ya kuandika fomu. Mwambie mthamini ni kwa ajili ya bima, na bei za vifaa zikipanda umrudie.

SWALI: Tumeambiwa mradi unapita kwetu, upande wa Misungwi, watathmini watakuja. Jirani ananishauri nipandishe haraka chumba kingine na nipande miembe ili fidia iwe kubwa. Nifanyeje?

JIBU: Jirani huyo mpe chai aende zake. Ikishatangazwa tarehe ya mwisho ya kuendeleza, kilichoota baada ya hapo hakihesabiwi, na miche ya wiki mbili iliyopandwa kwa mistari kama gwaride kila mthamini anaijua, nimeona hadi pori la mipapai iliyochomekwa jana yake majani yamelala.

Badala ya hiyo miembe hakikisha siku wanapita wewe upo, sio shangazi, sio mpangaji. Wanakupiga picha umesimama mbele ya mali yako, wanaandika kila kitu, choo cha nje, kisima, uzio, mti mmoja mmoja, na makaburi yana utaratibu wake tangu sheria ya mwaka 1969. Usisaini kabla hujasoma mstari kwa mstari, usione aibu kuvaa miwani, na jina liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho na benki, kuna watu hela zimekwama kwa herufi moja tu.

Halafu ujue fidia sio nyumba na ardhi peke yake. Kanuni za mwaka 2001 zina posho ya usumbufu, ya usafiri, ya makazi na hasara ya biashara kama duka lilikuwepo. Ya makazi ni kodi ya nyumba ya namna hiyo mara miezi 36, kwahiyo kama inapangishwa laki moja kwa mwezi, hiyo peke yake ni milioni 3 na laki 6. Ya usafiri inahesabiwa kwa tani 12 za mzigo ndani ya kilomita 20. Kiwanja kitupu kisicho na mtu hakipati ya makazi wala ya usafiri, msije mkashangaa. Malipo yakipita miezi 6 riba inatakiwa kuanza kuhesabiwa, na yakipita miaka 2 bila kulipwa uthamini unarudiwa, kwa sababu bei ya juzi hainunui kiwanja leo. Na ukiona namba haikukai unaruhusiwa kuleta mthamini wako binafsi akuandalie hoja, mkiwa kumi mkachangiana hata gharama hamtaihisi.

SWALI: Nimeuziwa nyumba nzuri Igombe, ziwa unaliona toka kitandani. Mwenyewe anasema ziwa ndo linafanya iwe ghali. Nimtafute mthamini au ndo nitachelewa, kuna mwingine anaitaka?

JIBU: Sentensi yako inaanza "nimeuziwa" inaisha "kuna mwingine anaitaka", kwahiyo nadhani hela bado unayo. Kaa nayo. Huyo mwingine yupo kila siku, sijawahi kusikia nyumba inauzwa bila yeye.

Nenda na futi, pima toka maji yanapoishia mpaka ukuta. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 toka ukingo wa ziwa. Halafu waulize wavuvi wa hapo, sio muuzaji, mwaka 2020 maji yalifika wapi, maana mwaka ule Victoria ilijaa mpaka rekodi na watu wa kando kando walihama na magodoro kichwani. Kama alama ya maji iko kwenye ukuta wa chumba hicho chenye kitanda, basi unajua. Mthamini mzuri vyote hivyo ataviandika, pamoja na kama hati ipo au ni karatasi ya serikali ya mtaa tu.

SWALI: Nikithaminisha nyumba, kodi ya jengo kwenye LUKU haitapanda? Na huyo mthamini nitamjuaje sio tapeli? Nijiandae vipi?

JIBU: Haitapanda kwa sababu hiyo. Ile ya LUKU ilianza 2021, ni kiwango maalumu kwa mwezi, ilianza na 1,000 kwa nyumba ya kawaida ikaja kuongezwa, ripoti yako haihusiki kabisa.

Mthamini wa kweli amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wathamini chini ya sheria ya mwaka 2016, muombe namba yake ya usajili kisha ulizia Bodi, apende asipende. Kama ni ya mkopo waulize benki kwanza, wana orodha yao, usije ukalipia ripoti wakaikataa. Gharama mkubaliane kabla hajatoa futi, na risiti ya mashine udai. Ukimsikia anakuuliza "unataka itoke ngapi?" huyo mpe maji ya kunywa mwonyeshe barabara.

Siku ya kuja tafuta nakala ya hati au ofa au leseni ya makazi, ramani kama ipo, bili ya maji, na funguo za vyumba vyote, kile cha mpangaji aliyesafiri Ukerewe nacho, maana chumba kisichofunguliwa kinaandikwa "hakikukaguliwa". Usihangaike kupaka rangi jana yake, ufa ukipakwa rangi mbichi ndo unaonekana vizuri. Na mbwa mfunge kweli, usiseme "huyo haumi", suruali yangu moja iliishia Nyegezi kwa mbwa ambaye haumi.